Kujenga Karibu na Mpaka wa Ploti Habaswein: Jinsi ya Kuomba Ruhusa Kabla Ukuta Haujainuka

Mkaazi wa Habaswein anayetaka kujenga karibu na mpaka wa ploti yake kuliko masharti yanavyokubali, kuigawa ploti ndogo kwa warithi, au kuunganisha ploti mbili ziwe moja, ana haki ya kupeleka ombi lake kwa Serikali ya Kaunti ya Wajir. Ombi hilo huandikwa, huchunguzwa na kutolewa uamuzi wa maandishi. Linalowaponza watu ni kuomba baada ya ukuta kusimama, wakati fedha zimekwisha kutumika na jirani amekwisha kukasirika.

Jina la Habaswein kwa Kisomali lina maana ya vumbi kubwa, na wazee wanaukumbuka mji ulipokuwa uwanja mpana wenye nyumba chache. Mpaka wa boma ulikuwa ua wa miiba. Majirani wawili wakielewana, ua ungesogezwa asubuhi moja na mambo yakaisha. Sasa mji umekaa kwenye barabara kuu ya kutoka Isiolo na Modogashe kwenda Wajir na Mandera, na biashara imeifuata barabara. Ukame wa mwishoni mwa mwaka 2020 hadi 2022, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, uliziacha familia nyingi za wafugaji kaskazini mashariki bila mifugo, na baadhi zikatafuta makao karibu na miji yenye maji, shule na zahanati. Mahali palipokuwa na ua wa miiba panajengwa ukuta wa mawe, na ukuta wa mawe hausogezwi asubuhi moja.

Ndiyo maana inafaa kila mwenye ploti ajue ni kitu gani kinaweza kuombewa ruhusa, ni kitu gani hakiombeki, na ombi hupita wapi.

MPAKA NA SHARTI LA MPAKA SI KITU KIMOJA

Watu wengi huchanganya mambo mawili. La kwanza ni mpaka wenyewe, yaani mstari unaotenganisha ploti moja na nyingine, unaoonyeshwa na bikoni ardhini na kuchorwa kwenye ramani ya upimaji. La pili ni sharti la ujenzi ndani ya mpaka huo: nafasi gani iachwe mbele kuelekea barabara, nafasi gani iachwe kando na nyuma kuelekea kwa jirani, sehemu gani ya ploti ifunikwe na nyumba, na ploti isipungue ukubwa gani ikigawanywa.

Mpaka wenyewe hauombewi ruhusa ya kuuvuka. Ardhi iliyo ng'ambo ya bikoni ni ya mwingine, na hakuna afisa wa kaunti anayeweza kuitoa kwa kibali cha ujenzi. Sharti ndilo linaloweza kujadiliwa, na tena kwa sababu maalumu.

Mamlaka ya kaunti katika jambo hili yanatoka kwenye Katiba ya mwaka 2010. Jedwali la Nne linazipa kaunti kazi ya mipango na maendeleo, na limetaja waziwazi upimaji wa ardhi na uchoraji wa ramani, mipaka na uzio, pamoja na makazi. Kifungu cha 66 kinaipa serikali uwezo wa kusimamia matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama wa umma, afya ya umma na mipango ya matumizi ya ardhi. Sheria inayoeleza utaratibu ni Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1996.

Chini ya sheria hiyo, neno "uendelezaji" lina maana pana. Linahusu kujenga, kubadilisha matumizi ya nyumba au ploti, na hata kugawanya ardhi. Kwa hivyo anayegawa ploti kwa kamba na vigingi, bila kujenga hata chumba kimoja, naye anahitaji ruhusa.

KWA NINI NAFASI IACHWE

Wakaazi huuliza, na ni swali la haki: ploti ni yangu, nimeilipia, kwa nini nisiijenge yote hadi kwenye bikoni?

Jibu liko katika maisha ya kila siku mjini. Nyumba za mikeka na fito bado zipo karibu na majiko ya kuni na makaa, na moto unaoanzia jikoni hauhitaji upepo mwingi kuruka ua. Choo cha shimo kilichochimbwa ukutani mwa jirani kinaweza kupeleka uchafu kwenye berkedi yake. Maji ya paa la mabati, mvua inaponyesha kwa nguvu, huangukia upande ambao paa limeelekezwa, na kama hakuna nafasi, huangukia uani mwa mwenzako. Dirisha lililofunguliwa juu ya mpaka huvunja stara ya nyumba ya pili, jambo ambalo limeleta ugomvi katika mitaa mingi.

Na kuna njia. Lori la maji, gari la wagonjwa na watu waliobeba jeneza wote wanahitaji pa kupita. Kila mwenye ploti akisogea mbele mita moja tu, uchochoro wa mita sita unabaki mita nne, na lori haligeuki tena.

Sharti la mpaka kwa hivyo linamlinda mwenye ploti kwa yale ambayo jirani yake angeweza kumfanyia, na linamlinda jirani kwa njia hiyo hiyo. Anayeomba aondolewe sharti anaomba kitu kinachomgusa mtu mwingine. Ndiyo sababu jirani ana nafasi katika utaratibu huu.

YANAYOWEZA KUOMBEWA

Sheria ya Kenya haina fomu ya pekee ya kuomba kusamehewa sharti la mpaka. Ombi hilo huwekwa ndani ya ombi la kawaida la ruhusa ya uendelezaji, likiambatana na barua ya kueleza ni sharti gani mwombaji anashindwa kulitimiza na kwa nini. Anayeamua ni Waziri wa Kaunti anayesimamia mipango ya ardhi, akishauriwa na maafisa wa mipango.

Waziri huyo hana uhuru usio na kikomo. Sheria inasema anafungwa na mipango iliyokwisha kuidhinishwa ya eneo husika. Pia lazima azingatie huduma za jamii zinazohitajika, maoni ya idara na mashirika mengine, maoni ya wananchi, na masharti ya mkataba kama ardhi ni ya kukodishwa na serikali. Akikubali, anaweza kuweka masharti yake. Akikataa, lazima aandike sababu.

Katika makazi ya kawaida, maombi huwa ya aina nne.

Ya kwanza ni kujenga karibu na mpaka wa kando au wa nyuma kuliko inavyotakiwa. Ya pili ni kugawa ploti katika vipande vidogo. Ya tatu ni kuunganisha ploti mbili zinazopakana ili mpaka wa kati uondoke na nyumba ijengwe juu yake. Ya nne ni kubadilisha matumizi, kwa mfano chumba cha mbele cha nyumba ya kuishi kigeuzwe duka linalofungukia barabarani.

MFANO WA KWANZA: BEREKEDI KATIKATI YA PLOTI

Tuchukue mfano wa kubuni wa ploti ya futi 50 kwa 100, ukubwa ambao wauzaji wa ardhi kote nchini huuita moja kwa nane ya ekari. Hesabu yenyewe inaonyesha upungufu: futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, ilhali moja kwa nane kamili ya ekari ni futi za mraba 5,445. Tofauti ni kama mita za mraba 41, nafasi ya vyumba vitatu vidogo. Anayeamini jina la ploti badala ya vipimo vya ramani anaweza kujikuta amejenga chumba kizima upande wa pili wa bikoni akidhani yuko kwake.

Katika ploti hiyo kuna berkedi ya zamani katikati, inayoihifadhi familia maji wakati wa kiangazi. Nyumba imejengwa mbele. Familia inataka kuongeza jiko na chumba cha bibi nyuma ya berkedi, na ikiacha nafasi yote inayotakiwa upande wa jirani, chumba hakitoshi kitanda.

Ombi la namna hii lina msingi. Kizuizi kiko kwenye ploti yenyewe, hakikuletwa na mwombaji kwa makusudi, na kuibomoa berkedi ni hasara kwa familia nzima. Familia inaweza kuomba kusogea karibu na mpaka wa nyuma kwa kiasi kilichotajwa, na yenyewe ikapendekeza kinga: ukuta wa upande wa jirani usiwe na dirisha, paa literemkie ndani ya ploti na liwe na mfereji wa kuingiza maji kwenye berkedi, na jiko likae upande wa ndani, mbali na mpaka.

Ombi dhaifu ni lile linalosema tu kwamba mwenye ploti anataka nyumba kubwa zaidi, au kwamba jirani naye alijenga hivyo hivyo. Kosa la jirani halimpi mtu ruhusa.

MFANO WA PILI: PLOTI MOJA, WARITHI SITA

Hapa ndipo familia nyingi huumia, na mara nyingi bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Baba amefariki na kuacha ploti ile ile ya futi 50 kwa 100. Wazazi wake walitangulia. Ameacha mjane mmoja, wana watatu na mabinti wawili. Familia inakwenda mbele ya Kadhi, ambaye Katiba katika kifungu cha 170 inampa uwezo wa kuamua mambo ya mirathi kwa Waislamu wanaokubali mahakama yake. Mjane anapata thumni, yaani moja kwa nane. Kinachobaki wanagawana watoto, mwana akipata mara mbili ya binti.

Ploti nzima ina karibu mita za mraba 465. Fungu la mjane ni kama mita 58 za mraba. Kila mwana anapata kama mita 102, na kila binti kama mita 51. Mafungu hayo ni sahihi, na hakuna afisa wa kaunti mwenye kazi ya kuyabadilisha.

Lakini fungu la urithi ni jambo moja na kipande cha ardhi chenye bikoni zake ni jambo lingine. Kipande cha mita 51 za mraba ni kama mita saba kwa saba. Ukiondoa njia ya kuingilia, choo, na nafasi ya kuacha kila upande, hakibaki mahali pa nyumba. Kama vipande vyote sita vitachorwa, baadhi havitagusa barabara kabisa, na mwenye kipande cha nyuma atapita uani mwa nduguye kila siku. Ndugu wa leo wanaweza kuvumiliana. Wajukuu wao, au mnunuzi mgeni, hawana lazima hiyo.

Kwa hivyo hukumu ya mirathi haigawi ploti peke yake. Mgawanyo wa ardhini unahitaji ruhusa ya kaunti, mchoro wa mpangaji aliyesajiliwa, kisha upimaji wa mpima ardhi mwenye leseni. Familia ikiomba kugawa chini ya ukubwa unaotakiwa, ombi huchunguzwa, lakini vipande visivyo na njia wala nafasi ya choo ni vigumu kukubaliwa.

Njia nyingine zipo, na ni vyema familia izizungumze kabla ya kulipa mchoraji. Ploti inaweza kubaki moja, warithi wote waandikwe kama wamiliki kwa mafungu yao, na nyumba zijengwe kwa mpango mmoja wa boma. Mrithi mmoja au wawili wanaweza kununua mafungu ya wengine kwa bei iliyoafikiwa. Ploti inaweza kugawanywa vipande viwili vinavyotosha badala ya sita visivyotosha. Au, kama ploti ya pembeni inauzwa, mbili ziunganishwe na kugawanywa upya. Katika njia zote hizi haki ya mjane na mabinti hulindwa vizuri zaidi inapoandikwa majina yao, badala ya kuachwa kwenye ahadi ya mdomo ya ndugu wa kiume.

YASIYOOMBEKA

Kuna mahali ambapo barua, hata iandikwe vizuri vipi, haitafungua mlango.

Hifadhi ya barabara ni ya kwanza. Barabara kuu inayopita Habaswein iko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu, KeNHA, wala kaunti haiwezi kumruhusu mtu kujenga ndani ya eneo lake. Kibanda kilichokaa hapo miaka kumi bila kusumbuliwa hakijapata haki ya kubaki.

Ardhi ya umma ni ya pili: viwanja vya shule, visima, makaburi, soko la mifugo na njia zilizoachwa kwenye ramani. Ya tatu ni maeneo ya mafuriko. Mto Ewaso Nyiro huishia kwenye kinamasi cha Lorian upande huu, na mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilionyesha tena kaskazini mashariki jinsi ardhi kavu ya miaka inavyogeuka ziwa kwa usiku mmoja. Mtu anayeomba kujenga kwenye mkondo wa maji anaomba kuhatarisha watoto wake.

Ya nne ni bikoni zenyewe. Kwa ardhi iliyosajiliwa, kuondoa, kuharibu au kusogeza alama ya mpaka bila idhini ya Msajili wa Ardhi ni kosa la jinai.

HATUA ZA KUFUATA

1. Kuthibitisha bikoni. Kabla ya kuchora chochote, mwenye ploti ahakikishe mpaka wake uko wapi, kwa msaada wa ofisi ya upimaji ya kaunti au mpima ardhi mwenye leseni. Majirani waitwe washuhudie. Ugomvi mwingi unaoitwa wa ujenzi ni ugomvi wa bikoni iliyopotea.

2. Kuuliza masharti. Masharti hutofautiana kwa ukubwa wa ploti, matumizi ya eneo na upana wa barabara. Ofisi ya mipango ya ardhi ya kaunti ndiyo inayoyajua. Anayeanza na ofisi hulipa mchoro mmoja. Anayeanza na fundi huenda akalipa miwili.

3. Kuandaa stakabadhi. Zinahitajika nakala ya hatimiliki au barua ya ugawaji, kitambulisho cha taifa, ramani ya ploti, michoro ya kinachokusudiwa, na risiti za malipo ya ardhi ya kila mwaka. Warithi waongeze uamuzi wa mirathi.

4. Kuandika barua ya maelezo. Barua nzuri hujibu maswali manne: ni sharti gani haliwezi kutimizwa, mwombaji anataka kupungukiwa kwa mita ngapi hasa, ni kitu gani kwenye ploti kinachosababisha hivyo, na atafanya nini ili jirani na njia visidhurike. Ukurasa mmoja unatosha.

5. Kuwajulisha umma na majirani. Sheria inamtaka mwombaji atangaze mradi wake ili wenye pingamizi wapeleke maoni yao kwa kaunti. Ofisi itaeleza tangazo liwe la namna gani.

6. Kuwasilisha na kulipa. Ada hupangwa na sheria ya fedha ya kaunti. Malipo hufanywa kwa njia rasmi na risiti hutolewa. Hakuna ada halali inayolipwa mkononi mwa mtu. Mwombaji abaki na nakala ya ombi iliyopigwa muhuri wenye tarehe, kwa kuwa siku zinaanza kuhesabiwa hapo.

7. Kusubiri maoni na uamuzi. Ndani ya siku 7 ombi hupelekwa kwa idara na mashirika yanayohusika, nayo yana siku 14 kutoa maoni. Sheria inasema mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa huhesabiwa kuwa imetolewa. Hata hivyo, busara ni kuandika barua ya ukumbusho siku hizo zikikaribia, na kuomba uthibitisho kabla ya kumwaga msingi. Ukimya wa ofisi hauwezi kumpa mtu hifadhi ya barabara au ardhi ya jirani.

JIRANI ANA NAFASI GANI

Jirani anayeona tangazo ana haki ya kwenda kuiangalia michoro na kuandika pingamizi. Pingamizi lenye nguvu hutaja madhara: dirisha litaangalia wapi, maji yatamwagika wapi, choo kitakuwa umbali gani na berkedi, njia itabaki na upana gani. Kusema tu "sitaki" hakumsaidii anayeamua.

Kwa upande mwingine, kibali cha mdomo cha jirani hakichukui nafasi ya ruhusa ya kaunti. Majirani wawili wanaweza kukubaliana leo mbele ya wazee, kisha mmoja akauza ploti mwakani. Mnunuzi hafungwi na kikombe cha chai alichonywa mwingine. Makubaliano hayo yana thamani kubwa yakiandikwa, yakatiwa sahihi na mashahidi, na kuambatanishwa na ombi.

Kama mzozo ni wa mpaka wenyewe na ardhi imesajiliwa, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inaelekeza kwanza kwa Msajili wa Ardhi, ambaye ni afisa wa serikali ya kitaifa. Mahakama haisikilizi kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla Msajili hajauamua mpaka huo. Wazee na chifu wanaendelea kuwa na kazi yao. Katiba inahimiza njia za jadi za kusuluhisha migogoro ya ardhi mradi hazivunji haki za mtu, na masuluhisho mengi ya xeer huzuia ugomvi wa kuta mbili usigeuke ugomvi wa koo mbili.

OMBI LIKIKATALIWA

Mwombaji aliyekataliwa asome kwanza sababu zilizoandikwa. Mara nyingine tatizo ni dogo, kama mchoro usioonyesha choo, na ombi linaweza kurekebishwa na kurudishwa.

Kama bado haridhiki, ana siku 14 tangu uamuzi kutolewa kukata rufaa kwa Kamati ya Usuluhishi ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya Kaunti. Kamati nayo inatakiwa kusikiliza na kuamua ndani ya siku 14. Jirani aliyeathiriwa na ruhusa iliyotolewa ana haki hiyo hiyo. Baada ya kamati, mlango unaofuata ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Siku 14 ni chache kwa mtu aliye malishoni au safarini. Anayeondoka mjini wakati ombi lake linaendelea aache mtu wa kupokea barua, na ofisi ijue jina lake.

WALIOKWISHA KUJENGA

Kuanza ujenzi bila ruhusa ni kosa. Adhabu mahakamani inaweza kufikia faini ya shilingi 500,000, kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili. Kabla ya kufika huko, kaunti hutoa notisi ya utekelezaji inayoeleza kilichokiukwa na kinachotakiwa kufanywa, ambacho kinaweza kuwa kusimamisha kazi, kurekebisha au kubomoa.

Aliyepokea notisi asiifiche. Ana siku 14 kukata rufaa kwa kamati ile ile, ambayo huamua ndani ya siku 30. Akikaa kimya, anapoteza nafasi hiyo. Ambaye hajapokea notisi lakini anajua ukuta wake umevuka sharti, ni heri aende ofisini mwenyewe kabla jengo halijaongezwa. Kurekebisha ukuta wa kozi tatu ni kazi ya siku mbili. Kubomoa chumba kilichoezekwa ni kupoteza ngamia waliouzwa ili kijengwe.

PLOTI ISIYO NA HATIMILIKI

Sehemu kubwa ya ardhi ya Kaunti ya Wajir ni ardhi ya jamii. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii husika, na kaunti hairuhusiwi kuiuza wala kuigeuza kuwa ya watu binafsi.

Kwa sababu hiyo, wenye barua za ugawaji za tangu enzi ya baraza la kaunti wazilete pamoja na risiti zote walizonazo, ili ofisi ihakikishe ploti iko kwenye ramani ya mji. Ieleweke pia kwamba ruhusa ya kujenga haimpi mtu umiliki. Anayeuziwa ploti kwa kuonyeshwa kibali cha ujenzi pekee hajaonyeshwa cheti cha ardhi, na asitoe fedha zake kabla ya kuuliza.

PA KUANZIA

Mkaazi asiyejua aanzie wapi anaweza kufika kwa msimamizi wa wadi au ofisi ya msimamizi wa kaunti ndogo ya Wajir Kusini, ambao watamwelekeza kwa afisa wa mipango. Aje na kitambulisho, stakabadhi ya ploti, na mchoro wa mkono unaoonyesha bikoni, nyumba zilizopo, choo, berkedi na njia ya kuingilia. Kuuliza hakuna ada, na kunafaa kufanywa kabla ya mawe kushushwa kwenye ploti.